Nailoni ya Bluu na Matambara ya Mama Mkwe

Nguo nainusa kabla sijaivaa. Wajukuu zangu wananicheka, ati bibi ananusa kama mbwa wa polisi. Wacha wacheke. Wao hutupa kila kitu kwenye beseni moja, soksi, shuka, sweta la sufu, sidiria, wanamwaga sabuni ya unga kama wanasonga ugali, wanasugua mara mbili, wanaanika ndani ya nyumba. Halafu wananipita wakinuka kama beberu aliyenyeshewa, na wanasema wameoga. Na ni kweli wameoga. Kinachonuka ni nguo. Huo uvundo wa jasho bichi lililojificha ndani ya kitambaa cha mtambo, nausikia tangu mlangoni. Naujua. Niliufunga kwenye mwili wa mtoto wangu wa kwanza, kwa mikono yangu hii, tena nikiringa.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini pamba haikunificha kitu. Kwetu ni upande wa Alupe, na siku hizo kila boma lililojiheshimu lilikuwa na shamba la pamba. Watu wanafikiri pamba ni kitu laini, cheupe, cha kuwekwa sikioni. Hao hawajawahi kuichuma. Ganda lake likikauka lina ncha kama kucha za paka, na kila ukichomoa pamba linakuchoma chini ya ukucha mpaka vidole vinavimba. Halafu kuna wale wadudu wekundu, wamegandana makalio wawili wawili bila haya, wananyonya mbegu na kuacha madoa ya manjano juu ya pamba. Ukimponda mmoja, mkono unanuka hadi kesho yake. Jioni tulikaa chini kuchambua, safi huku na fifi kule, yaani nyeupe huku na ile yenye madoa kule. Lundo lilikaa ndani ya nyumba hiyo hiyo tuliyolala, likingoja kupelekwa kiwandani. Manyoya yake yaliingia puani. Ukipenga, kamasi linatoka na nywele. Siku moja nilizamisha mkono kwenye lundo nikashika kitu chenye joto kinachojikunjakunja. Vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, kama vidole vilivyokatwa. Sikula jioni ile. Nikaapa kwamba nikiolewa nitavaa kitu ambacho hakijawahi kuota shambani.

Niliolewa Uhuru ukiwa bado mchanga. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli pale Malaba, akipakua mabehewa, na tulikaa chumba kimoja, mabati juu na mabati ubavuni. Saa saba mchana ukiegemea ukuta unaruka. Nikapata mimba. Mimba ikiwa ya miezi saba nilienda Busia, nikaingia duka la vitambaa la mama mmoja Mwislamu ambaye mji mzima ulimwita Mama Duka. Mume wake alikuwa na lori, na yeye alikaa nyuma ya meza ndefu, mtandio kichwani, mkasi umening'inia shingoni kwa kamba.

Pale ndipo nilipoiona. Bluu ya angani, inang'aa, inateleza mkononi kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Niliifinyanga ndani ya ngumi, nikaifungua. Haikuwa na kunjo hata moja.

"Hii ni nini?"

"Nailoni. Unaifua, unageuka nyuma, imekauka. Pasi haitaki."

"Imetoka shamba gani?"

Mama Duka alicheka mpaka mkasi ukarukaruka kifuani. "Shamba gani, mwanangu? Hii imepikwa kwenye mtambo. Hii haijui hata mvua."

Hapo aliniua. Nilinunua yadi nne. Hakuniuliza ni za nini, nami sikumwambia. Alidhani nashona gauni.

Siku za kujifungua zilipokaribia, mama mkwe wangu alikuja kutoka Namboboto kunisaidia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya mlango mbovu, na alivuta sigara kama wanawake wengi wa umri wake, upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo. Ukimkaribia unasikia moshi na mate. Alikuja na kikapu. Juu kulikuwa na ndizi, katikati omena za Sio Port, vile visamaki vidogo vya ziwani, zilizofungwa kwenye jani, na jani lilikuwa limepasuka. Chini kabisa, mahali ambapo mafuta ya omena na mchanga wake vilikuwa vimeteremkia, kulikuwa na furushi la matambara.

Aliyatandaza kitandani kwangu. Kitandani! Vipande vya magauni ya gomesi yaliyokufa, vya mashuka, vya kanzu ya baba mkwe aliyokuwa akivaa kanisani. Vyote vilikuwa na rangi moja sasa, rangi ya meno ya mzee. Vingine vilikuwa vyepesi kiasi kwamba niliuona mkono wake upande wa pili.

"Haya," akasema, "ndiyo yaliyomlea mume wako. Na dada zake. Na wale wawili waliokufa."

Kwao ilikuwa hivyo. Mwanamke akizaa mara ya kwanza, mama wa mume humletea matambara ya nyumba, na mtoto hafungwi kitu kipya mpaka ameanza kukaa. Mimi nilisikia tu "wawili waliokufa", nikasikia omena, na mate ya chumvi yakanijaa mdomoni. Nilisema asante nikiwa nimebana pumzi.

Nikazaa msichana. Mwekundu, mnene, analia kama amedhulumiwa shamba. Siku ya tatu nilitoa nailoni yangu chini ya godoro nikaanza kuikata vipande vya nepi. Mama mkwe akasimama juu yangu.

"Hiyo ni nini?"

"Nailoni, Mama. Ndiyo ya kisasa."

"Inakunywa?"

"Inakunywa nini?"

"Mkojo, mama mtoto. Nakuuliza kama inakunywa mkojo."

"Haina haja ya kunywa. Inakauka mara moja."

Alichovya kidole kwenye chai yake akadondosha tone juu ya kitambaa. Tone halikuingia. Lilikaa pale juu likitutazama kama jicho la kuku.

"Basi atakunywa mtoto," akasema, akarudi kwenye kigoda chake.

Nilimwona mshamba. Kesho yake, alipokwenda kuteka maji, nilichukua kijiti, nikainua matambara yake moja baada ya jingine, mkono umenyooka na uso umegeuzwa, nikayatupa kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, juu ya maganda ya ndizi na matumbo ya samaki ya jirani. Aliporudi aliweka debe chini, akatazama mahali yalipokuwa, akatoka nje. Alikaa huko nyuma muda mrefu. Aliporudi ndani alianza kufunga kikapu chake.

"Mama, kwani unaenda?"

"Naenda. Pamba yangu imepasuka shambani."

Akajitwika kikapu, akatoka. Nami alipopinda pale barabarani nilifungua mlango na dirisha, harufu ya sigara yake itoke.

Kwa wiki mbili nilikuwa malkia wa ile safu ya vyumba. Majirani walikuja kuishika nailoni. Nilifua asubuhi, kabla sijamaliza kuosha vikombe imekauka, inang'aa kwenye kamba, hakuna doa. Wao walikuwa na matambara yao yamelowa siku nzima wakati wa mvua. Niliwacheka. Kweli kabisa, niliwacheka usoni.

Halafu vikaja vipele, vidogo kama mbegu za wimbi, kwenye mikunjo ya mapaja. Nikapaka mafuta, nikafunga nailoni juu, nikakaza ili mafuta yasitoke. Vipele vikawa malengelenge, malengelenge yakapasuka. Ngozi ya makalio ikawa nyekundu, yenye utelezi, kama ini mbichi kwenye meza ya bucha. Nilipofungua nepi ilikuwa imeshika, ikitoka inatoka na ngozi, na ilikuwa na sauti. Sauti ndogo ya kubanduka. Mpaka leo mtu akibandua plasta karibu nami naondoka.

Na harufu. Nailoni ile kwa macho ilikuwa safi kuliko sahani. Niliifua kwa maji baridi na sabuni kidogo, maana niliambiwa maji ya moto yataiharibu. Lakini ikipata joto la mtoto, dakika chache tu chini ya yale mabati, ile harufu inaamka. Maziwa aliyocheua juzi, mkojo wa jana, mafuta yaliyochacha, vyote vilikuwa mle ndani vimelala. Na mimi nikafikiri ni mtoto. Nalisema wazi kwa sababu nimezeeka na hakuna wa kunichapa: nilimchukia mtoto wangu kwa harufu yake. Nilimnyonyesha nimegeuza uso ukutani.

Nilimpeleka zahanati, nikapewa dawa ya zambarau ya kupaka. Nikapaka, nikafunga nailoni. Sasa alikuwa mwekundu na zambarau, na majimaji yakitoka kati ya rangi hizo mbili. Jirani mmoja akasema ni jicho baya. Mwingine, yule niliyemcheka zaidi, akasema polepole, "Dada, si umpeleke Alupe?" Alupe palikuwa na hospitali ya wakoma, na siku hizo ukitajiwa jina hilo ulijua unaambiwa ukoma.

Alipofika wiki ya tano aliacha kunyonya vizuri. Alishika titi, akaliachia, akalia bila machozi. Mwili wake ulikuwa moto. Mume wangu alimtazama akiwa bado na vumbi la mabehewa usoni, akasema, "Huyu mtoto anaoza." Akatoka nje akasimama huko.

Sasa sikieni upumbavu. Asubuhi nilimfunga mgongoni nikaenda Busia kununua nailoni nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa na madoa ya zambarau, nikaona labda ndiyo imeharibika. Ningemnunulia mpya, safi, apone.

Mama Duka alininusa kabla hajaniona. Niliona pua yake ikikunjamana.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mama. Nataka yadi mbili za ile ya bluu."

"Mlete huyo mtoto."

Alimlaza kwenye meza, juu ya vitambaa vyake vya kuuza, akamfungua. Alishika nepi kwa ncha za vidole viwili, akaitazama, akanitazama.

"Hii si ndiyo nailoni yangu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuuzia gauni! Gauni la kwendea harusi! Wewe umekwenda kumpika mtoto?"

Watu walikuwa wamesimama mlangoni. Alichomoa uzi kwenye pindo la nailoni, akawasha kiberiti, akauweka kwenye moto. Ule uzi haukuwaka kama uzi. Ulijikunja, ukayeyuka, ukatengeneza shanga ndogo ya kahawia, ngumu, kama kamasi lililokauka. Moshi wake ulikuwa mkali, unakwaruza koo. Kisha akachomoa uzi kwenye leso yangu ya pamba, akauwasha. Ukawaka wote, ukaacha jivu jepesi, akalipuliza, likatoweka. Ulinuka kama karatasi tu.

"Umeona? Leso yako ni mti, hii nailoni ni plastiki. Pamba inakunywa maji, na ukiichemsha inatapika uchafu wote. Nailoni hainywi kitu. Maji inayakataa, lakini mafuta na jasho inayakumbatia. Mtoto amekaa kwenye sufuria iliyofunikwa, mwezi mzima."

"Basi nipimie amerikani," nikasema. Machozi yalikuwa yanatiririka lakini kiburi kilikuwa bado kimesimama. "Nipimie pamba mpya."

"Sikuuzii. Pamba mpya ina wanga wa kiwandani, ni ngumu, itamkwaruza nyama. Mpaka uichemshe na kuivaa mwaka mzima ndiyo ilainike. Mtoto amechubuka, anataka kuukuu. Kuukuu kabisa, iliyochoka. Kwenu hamna mama mzee?"

Nilikuwa naliona shimo la takataka.

Sikurudi Malaba. Nilipanda basi la kwenda upande wa Funyula, iliko Namboboto, nikatembea kilichobaki, mtoto amelala kwenye leso, uchi ndani ya leso, na kila baada ya hatua chache nasimama kusikiliza kama anapumua. Nilimkuta mama mkwe amekaa mbele ya nyumba yake anachambua pamba, safi huku, fifi kule. Hakuinuka.

"Umemleta."

"Mama, nimekuja kuomba..." Nitaombaje kitu nilichokitupa kwa kijiti?

Alimfungua mtoto mwenyewe. Alitoa sigara mdomoni, akaizima. Sijawahi kumwona akizima sigara kabla haijaisha.

"Matambara yako pale," akasema, akaelekeza kwa mdomo.

Nikageuka. Yalikuwa yametandazwa kwenye nyasi juani, yote.

"Mama, si niliya..."

"Uliyatupa. Mimi nikayaokota. Nimebeba matumbo ya samaki yenu kutoka Malaba mpaka hapa, watu kwenye basi wakinihama." Akaokota moja akanisukumia usoni. "Nusa."

Nilinusa nikiwa nimejiandaa kutapika. Hakukuwa na kitu. Hakuna omena, hakuna samaki, hakuna moshi. Lilinuka kama nyasi kavu na jua.

"Pamba ni mpumbavu," akasema. "Hubeba harufu ya kila mtu. Lakini ukimwambia aachie, anaachia. Hiyo yako ya kisasa, umeiambia mara ngapi?"

Alimlaza mtoto juu ya matambara matatu, bila kumfunga, chini ya upenu wa nyumba ambapo upepo ulipita. Kisha akanipa debe. Hakunipa maji ya kunywa wala kiti. Akanifundisha kama mtoto wa shule: maji ya majivu yaliyochujwa, matambara ndani, moto mpaka yatokote na povu chafu lipande juu; toa, suuza mtoni, suuza tena, suuza mara ya tatu, kamua, tandaza kwenye nyasi. Nilifanya yote. Nikaja na beseni la maji ya mwisho kumwonyesha yalivyo meupe.

"Meupe si neno," akasema. "Yanywe."

Nilidhani natukanwa. "Nini?"

"Chota, unywe. Ngozi ya huyu mtoto iko wazi, kila kinachobaki kwenye kitambaa atakifyonza yeye. Kama wewe huwezi kuyanywa, yeye atayanywaje?"

Yalikuwa maji ya matambara yaliyokuwa yamefuta makalio ya ukoo mzima. Nilichota kwa kiganja, nikafumba macho, nikanywa. Yalikuwa machungu, majivu yalikuwa bado yamo. Koo lilikataa, nikatapika pale pale karibu na miguu yake.

"Bado," akasema, akarudi kwenye pamba yake.

Nikarudi mtoni. Nikasuuza. Nikanywa. Bado. Nikarudi tena. Mara ya nne maji yalikuwa na ladha ya maji. Nilimtazama, akatikisa kichwa kukubali, na ndipo akaniambia nikae.

Ilikuwa hivyo kila siku. Kufungua, kufuta kwa maji ya uvuguvugu, kumlaza juu ya kitambaa kikavu, kubadilisha kikilowa, kuchemsha, kusuuza, kunywa. Siku ya nne lile jeraha liliacha kutoa maji, likafanya ngozi nyembamba kama ile ya juu ya maziwa yaliyopoa. Jioni yake mtoto alishika titi akalivuta kwa nguvu mpaka nikapiga kelele, na mama mkwe akacheka, mara ya kwanza, kwa ile sauti yake ya mlango mbovu. Nilimnusa mtoto kichwani. Alinuka mtoto. Hiyo harufu ilikuwa yake tangu mwanzo, nilikuwa nimeifunika mimi.

Nilikaa Namboboto mwezi mzima. Siku ya kuondoka nilitafuta vile vipande vya nailoni nilivyokuja navyo kwenye kifurushi, nivitupe chooni, nisivione tena. Havikuwepo.

"Nimeviweka kazini," mama mkwe akasema.

Alikuwa amevifunga kwenye vijiti katikati ya shamba la wimbi kufukuzia ndege. Bluu ya angani, vinang'aa, vinapigapiga kwenye upepo, na vile vidoa vya zambarau vinaonekana mpaka barabarani.

"Mama, tafadhali, vitoe. Watu wanauliza."

"Wacha waulize. Nami nawajibu."

Na aliwajibu kweli. Wimbi lilivunwa, likapandwa tena, mvua ikapiga, jua likachoma. Nguzo ya ua wa shamba ikaoza na mchwa wakaila. Nailoni yangu ikabaki pale, imepauka kidogo tu. Kila nilipoenda kumsalimia, kitu cha kwanza kuniona kilikuwa hicho.

Nilipata mimba ya pili. Safari hii nilienda mwenyewe Namboboto, mtoto wa kwanza akikimbia mbele yangu, mapaja yake meusi, laini, hayana hata kovu. Nilimwambia mama mkwe kwamba nimekuja kuchukua matambara ya nyumba. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. Akaingia ndani, akatoka na kile kikapu. Matambara yalikuwa chini, yamekunjwa vizuri. Halafu, mbele ya macho yangu, akachukua omena za Sio Port, mbichi bado, hazijakauka sawasawa, akazimwaga juu yake.

"Hizi ni za mume wako," akasema. "Kikapu ni kimoja tu."

Niliibeba ile harufu mapajani kutoka Namboboto hadi Malaba, mafuta yakidondoka kwenye gauni langu la pekee, mama mmoja aliyekaa karibu nami akiziba pua na kusonya. Nilifika, nikamwaga omena kwenye sufuria, nikawasha moto, nikatafuta majivu.